Chupa ya maji ambayo haikuwa na maji

Kijana wangu wa pili ana kovu dogo kwenye jicho la kushoto. Ukikaa naye mezani huwezi kuliona. Daktari analiona kwa kile chombo chake chenye mwanga. Mimi naliona kila siku bila chombo chochote, kwa sababu najua lilipotoka.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu ambao, kama mimi, kazi yao imeingia ndani ya uzio wa nyumba. Wapo wanaotengeneza sabuni jikoni, wapo wanaochanganya dawa za kusafishia vyoo uani, wapo wanaopiga vanishi viti barazani. Mimi ni fundi faiba. Natengeneza kalibu.

Kazi iliyonifuata nyumbani

Kwa miaka 11 nilifanya kazi kwenye yadi ya boti hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunaziba boti za faiba zilizopasuka, tunatengeneza bampa za mabasi, na mara mojamoja tunaunda boti ndogo kuanzia mwanzo. Mwaka 2020 watalii walipokatika, boti zilifungwa kamba na sisi mafundi tukaambiwa tukasubiri nyumbani, tutaitwa. Sikuitwa.

Nilirudi Chamazi na mkasi, rola ya kutolea hewa, na ujuzi wa kuunda kalibu. Binti yangu mkubwa alikuwa anakaribia kuingia sekondari, mdogo wake alikuwa bado anashika sketi ya mama yake. Mke wangu alikuwa anauza vitenge kwa mkopo, na wewe unajua vitenge vya mkopo vinavyolipwa.

Waliotuokoa ni wauza maua wa pembeni mwa barabara. Vile vyungu vikubwa vya saruji unavyoviona vimepangwa mbele ya vitalu vya miche vinamiminwa kwenye kalibu, na kalibu ya faiba wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, haiozi kama ubao, na inatoa chungu laini. Mteja anakuja na picha kwenye simu. "Fundi, nataka kama hiki, ila kiwe kirefu kidogo na mdomo uwe mpana." Namtengenezea kalibu yake peke yake, ambayo jirani yake sokoni hana. Ikitunzwa, anatoa humo vyungu na vyungu.

Kwa ambaye hajawahi kuona, nieleze kidogo. Kalibu inaanza na mfano, yaani chungu chenyewe cha kwanza, unachokiunda kwa udongo, jasi au mbao. Mfano unaulainisha kwa msasa mpaka ung'ae, halafu unaupaka nta, unafuta, unapaka tena, mara tano au sita. Nta ndiyo inayofanya kalibu isigande kwenye mfano. Juu ya nta unapaka jelikoti, ambayo ni kama rangi nzito, na hiyo ndiyo itakayokuwa uso wa ndani wa kalibu. Unasubiri mpaka ukiigusa inate lakini isitoke na kidole. Kisha unalaza mkeka wa nyuzi za kioo, unaulowesha kwa resini, unaupitishia rola kutoa hewa. Unaongeza mkeka mwingine, na mwingine, bila haraka.

Chungu chenye tumbo kubwa na mdomo mdogo hakitoki kwenye kalibu ya kipande kimoja. Hapo unaweka ukuta mwembamba katikati ya mfano, unatengeneza nusu ya kwanza, unaondoa ukuta, unapaka nta kwenye ukingo, unatengeneza nusu ya pili. Kingo mbili zinatobolewa na kufungwa kwa boliti. Mteja akitaka kutoa chungu chake anafungua boliti, nusu hizi zinaachana.

Resini peke yake inakaa majimaji. Inayoigandisha ni hadina. Unatia kidogo sana, kama asilimia 1 au 2 ya uzito wa resini. Kwa joto letu la Dar, asilimia 1 mara nyingi inatosha, yaani kama mililita 10 kwa kilo moja. Ukizidisha, resini inachemka yenyewe kwenye ndoo, inatoa moshi, na ndoo inalegea kama mshumaa. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Hadina ni maji maji meupe, hayana rangi. Ukiyatazama kwenye chupa huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Naomba ulishike hilo.

Alama ya kidole

Kuna jambo la kalibu ambalo kila fundi hujifunza kwa hasara yake. Kalibu haichagui. Inachukua kila kitu kilichopo kwenye mfano, kizuri na kibaya. Ukiacha mkwaruzo mdogo kama unywele, utatokea kwenye kila chungu.

Mimi nilijifunza kwa kidole gumba. Kalibu yangu ya tatu pale nyumbani, niliugusa mfano kabla nta ya mwisho haijakauka, sikuona. Mteja akamimina vyungu 40 kabla hajagundua kwamba kila chungu, mahali palepale karibu na mdomo, kina alama ya kidole changu. Alinipigia simu akicheka. "Fundi, umenisainia vyungu vyote." Nami nilicheka. Nilirudia kalibu ile bila malipo, nikadhani somo limeisha hapo.

Raha ya kuwa nyumbani

Sitasema uongo, ile miaka miwili ilikuwa mizuri. Nikiwa yadini niliondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Sasa nilikuwa nawaona wakitoka shule, viatu vina vumbi, wana njaa. Kijana wangu akifika tu anatupa begi, anageuza ndoo tupu juu chini, anakaa karibu yangu. Ananiuliza hii nini, ile nini. Akiwa na miaka mitano alijua msasa namba 80 na namba 400 kwa kugusa. Nilikuwa namwonyesha wageni. "Muulizeni huyu, ni fundi." Moyo wangu ulikuwa unajaa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa halali vizuri.

"Baba watoto, hii harufu yako imeingia mpaka kwenye unga."

"Hiyo ndiyo harufu ya ada," nilimjibu.

Nilijiona nimesema jambo kubwa. Yeye alinyamaza, akahamisha kabati la vyombo upande wa pili wa nyumba. Siku nyingine aliniuliza kwa nini mtoto anaamka na kichwa kinamuuma siku ninazofanya kazi usiku. Nikasema ni jua. Usiku!

Nitaje na makosa yangu mengine, kwa sababu ndiyo yaliyozaa lile kubwa. Nilifanya kazi kifua wazi na kandambili. Barakoa yangu ilikuwa kitambaa. Miwani ya kazi niliyopewa yadini ilikuwa imening'inia msumarini, buibui kaifanya nyumba. Mikono niliosha kwa asitoni. Resini niliinunua kwenye madebe yake, lakini hadina nilinunua kwa kupimiwa, na muuzaji alinipimia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, na karatasi yake ya kampuni ya maji bado imeshika. Nilipima kwa kifuniko cha chupa hiyohiyo. Vifuniko viwili kwa kilo. Ili nisizidishe, nilikuwa nainua kifuniko mpaka usawa wa jicho, nafumba jicho moja, namimina taratibu.

Kila siku kijana wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, ananitazama.

Jumamosi ile

Alikuwa na miaka sita. Nilikuwa na kalibu kubwa, ya mtu wa nyumba za wageni aliyetaka vyungu virefu vya getini. Nilikuwa nimemaliza mkeka wa pili. Mteja mwingine akaniita nje. Nikaweka chupa kwenye kibao, kifuniko nimekigandamiza tu bila kukizungusha, nikatoka. Nadhani sikumaliza dakika tano. Tulikuwa tunabishana bei.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba kijana wangu naye alikuwa na kazi yake. Nyuma ya tangi la maji alikuwa amefinyanga kikombe cha udongo, amekipaka mafuta ya mgando ya mama yake kama nta, na alikuwa anakizungushia matope ili apate kalibu. Nilikuja kuiona baadaye. Ilikuwa imekaa vizuri. Alikuwa ameweka hata ukuta wa katikati, kwa kipande cha boksi.

Matope yake yalikuwa hayagandi. Kwa hiyo akafuata hadina.

Sauti ile siwezi kuiandika. Nilimkuta amesimama, chupa iko chini, kifuniko bado kiko mkononi, mkono mwingine umeziba jicho. Nilimbeba nikakimbilia getini. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, hospitali. Nilikuwa nishapiga kelele kuita bodaboda.

Binti yangu ndiye aliyetuzuia. Alikuwa kidato cha pili. Alisimama mbele ya geti akatandaza mikono.

"Baba, maji kwanza! Tumefundishwa kwenye kemia. Maji kwanza, mengi, dakika 15!"

Nilimwambia atoke njiani. Namwambia hivyo mtoto ambaye alikuwa anaokoa jicho la mdogo wake. Hakutoka. Alimvuta mdogo wake mikononi mwangu, akamlaza kwenye ngazi ya baraza, kichwa akakiinamisha upande wa jicho lililoumia ili maji yasiende kwenye jicho zima. "Mama, fungua kope zake!"

Bomba siku ile lilikuwa halina maji. Tulichota tangini kwa jagi. Tangi lilipobakia matope, mama jirani mwenye genge akaleta ndoo zake mbili, za kuoshea mboga, hakuuliza kitu. Mtoto analia, anapiga mateke, mke wangu anafungua kope kwa vidole huku machozi yake mwenyewe yanadondoka, binti anamimina polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje. Mimi nilipewa kazi ya kushika miguu na kutazama saa ya simu. Sijawahi kuona dakika 15 zenye urefu ule. Tulifika 20.

Ndipo tukapanda bajaji. Njiani binti aliendelea kumimina, kwa chupa.

Swali la daktari

Hospitali walitupokea haraka. Daktari akaweka kikaratasi kidogo kwenye jicho kupima kama kuna tindikali, akaanza kuosha upya kwa dripu. Huku anaosha akaniuliza, "Ni dawa gani iliyomwingia?"

"Hadina."

"Hadina ni jina la kazi. Kemikali gani?"

Nikanyamaza. Miaka 13 nashika kitu kile na sikujua jina lake. Nilikuwa nimekuja na chupa. Nikampa. Akaigeuza akasoma kwa sauti, si kwa kunikejeli, ni kwa mazoea tu ya kusoma karatasi ya dawa: "Maji safi ya kunywa."

Wauguzi wawili wakageuka wakanitazama.

Nilimpigia muuzaji, akapiga picha dumu alilonipimia, akanitumia. Juu yake kulikuwa na herufi MEKP, mchoro wa moto na mchoro wa mkono unaounguzwa. Daktari akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba kitu kile kinaunguza kioo cha jicho, na madhara yake yanaweza kuwa upofu. Akauliza nani aliyemwosha mtoto. Nikamwonyesha binti yangu, amekaa kwenye benchi, sketi yake imelowa mpaka kiunoni. Daktari alimtazama kitambo. "Wewe ndiye uliyemtibu mdogo wako," akamwambia. "Mimi namalizia."

Jicho lilifungwa. Tulipewa matone na malhamu, tukarudi siku iliyofuata, na iliyofuata, kisha kila wiki. Kwa majuma sita hatukujua. Mtoto alikuwa anauliza, "Baba, hili jicho limezimwa mpaka lini?" Mwishoni walipima kwa zile herufi za ukutani, akasoma mpaka mstari ambao mimi mwenyewe sikuweza kuusoma. Kovu lilibaki pembeni, nje ya mboni.

Lakini neno lililobaki kwangu ni la siku ileile ya kwanza. Daktari alipomtuliza mtoto akamuuliza kwa upole, "Ulikuwa unafanya nini, baba?"

Akasema, "Nilikuwa napima. Kama baba."

Kisha akaonyesha. Akainua mkono mtupu mpaka usawa wa jicho, akafumba jicho moja.

Nilikumbuka vile vyungu 40 na kidole changu.

Niliyoyabadilisha

Kwa wiki nzima sikugusa kazi. Nilitaka kuiacha. Mke wangu ndiye aliyesema kazi haina kosa, na kwamba ada bado inadaiwa. Akaongeza, "Ila hapa ndani hairudi." Sikubishana.

Nilipanga pembe ya uwanja kwa jamaa mmoja anayefyatua tofali, hatua kama mia nne kutoka nyumbani. Ni wazi, upepo unapita, hakuna jiko wala mtoto. Nalipa kodi ambayo zamani nilikuwa siilipi, na mwezi mbaya inauma. Hadina sasa nanunua kwenye chombo chake chenye lebo yake, na nimeifungia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, kivulini, mbali na asitoni na mbali na kobalti, ile dawa ya zambarau wanayotia kwenye resini. Hadina na kobalti zikikutana zenyewe zinaweza kulipuka. Napima kwa bomba la sindano na mizani, chini, mezani, siyo usawa wa macho. Miwani navaa kabla sijafungua kufuli. Na pembeni ya meza kuna ndoo mbili za maji safi zenye mfuniko ambazo hakuna anayeruhusiwa kunawia.

Nilisoma pia, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka 13 nyuma. Ile harufu ya resini inatokana na kitu kinachoitwa stirini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka chini. Nilipolisoma hilo niliikumbuka ile ndoo iliyogeuzwa juu chini, na pua ya mtoto aliyekaa juu yake. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka stirini kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke ule hata kidogo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa, na vichujio vinabadilishwa.

Nguo za kazi zinabaki uwanjani na zinafuliwa peke yake, kwa sababu vumbi la faiba ni vipande vya kioo. Zamani nilikuwa nikitoka kupiga msasa nambeba mtoto kwa nguo zilezile, halafu tunashangaa anajikuna usiku kucha.

Sheria ya nchi yetu kuhusu kemikali, ya mwaka 2003, jina lake ni ya kemikali za viwandani na majumbani. Hilo neno majumbani halikuwekwa kwa bahati mbaya. Siyo faiba tu. Nenda leo katazame jikoni kwako, chini ya sinki, nyuma ya mlango wa choo. Mafuta ya taa yako kwenye chupa gani? Dawa ya kusafishia choo uliyopimiwa mtaani? Maji ya betri? Tindikali ya kusafishia vigae? Ukikuta kimojawapo kipo kwenye chupa ya maji, soda au juisi, usisubiri kumaliza kusoma ukurasa huu.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kumbuka mpangilio. Kikiingia jichoni au kikimwagikia ngozi, maji kwanza, mengi, yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20, ndipo hospitali, na lebo ya kemikali mkononi. Mtoto akikinywa, usimtapishe, kwa maana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mkimbize hospitali na chombo chake.

Tulichopoteza, na tulichobakiwa nacho

Kuna siku naikumbuka ile ndoo iliyogeuzwa. Saa tisa watoto wakitoka shule, mimi niko uwanjani, natazama barabara. Nilimwambia mke wangu kwamba nimerudi kuwa yule baba wa jioni. Akasema, "Wanakuona jioni, lakini wanakuona kwa macho yote mawili." Kisha akanipa chai.

Binti yangu sasa yuko kidato cha nne. Anasema akimaliza anataka kujifunza faiba. Mwanzoni nilikataa kabisa. Akanijibu, kwa adabu lakini bila kuinamisha uso, "Baba, mimi ndiye ninayejua maji kwanza." Nikakosa la kusema. Jumamosi anakuja uwanjani. Anafanya mfano: udongo, jasi, msasa, nta. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Siku ya kumimina resini anarudi nyumbani, na hilo hatujadiliani mpaka afikishe miaka 18. Anapokagua mfano kabla ya jelikoti anaugeuzageuza kwenye jua akitafuta alama za vidole, na akiikuta ya kwangu ananiita.

Kijana ana miaka minane. Haruhusiwi kuvuka kamba niliyoifunga uwanjani. Anaweza kukaa kwenye rundo la tofali upande wa pili na kuniuliza maswali kwa sauti. Siku moja nilichukua bomba la sindano nikasahau miwani, nikasikia kutoka kule: "Baba, macho!" Wafyatua tofali walicheka. Nilirudi nikaivaa.

Mwezi uliopita nilifika nyumbani jioni nikakuta ameiba kalamu ya wino mzito ya dada yake. Alikuwa amezunguka nyumba nzima. Kwenye dumu la mafuta ya taa ameandika, kwa herufi zake zinazopanda mlima, SI MAJI. Kwenye dawa ya choo, SI MAJI. Kwenye siki ya mama yake, SI MAJI. Kwenye chupa ya manukato yangu, SI MAJI.

Na kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile iliyokuwa mezani, ameandika MAJI. Halafu chini yake, kwa herufi ndogo: nimeonja mimi.

Nilikaa naye tukazungumza upya kuhusu kuonja.